Kipunji: Kima adimu wa Rungwe anayeponea misitu midogo

KWA miaka mingi, wawindaji wa Kinyakyusa wanaoishi kandokando ya Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, walimtaja kima mwenye haya aitwaye kipunji. Wataalamu hawakuwa na hakika kama kweli yupo.

Shaka hiyo iliondoka Desemba 2003, pale watafiti wa Shirika la Kuhifadhi Wanyamapori (WCS) wakiongozwa na Tim Davenport walipomwona waziwazi. Mwaka 2004, mtafiti Trevor Jones na wenzake walimkuta pia katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, zaidi ya kilometa 300 kutoka Rungwe.

Alitangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2005. Mwaka 2006, baada ya uchunguzi wa vinasaba vya kipunji aliyenaswa na mtego wa mkulima katika shamba la mahindi, aliwekwa katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Hiyo ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923.

Kipunji ana manyoya marefu ya kahawia na kijivu, uso mweusi na shungi lililosimama utosini. Huishi kwa makundi juu ya miti, akila matunda, majani, maua, magome na wadudu. Mlio wake ni mzito na wa ghafla, mfano wa honi iliyochanganyika na mbweko.

Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kuwapo kwa kipunji 1,117 tu katika makundi 38, wakitumia eneo lisilofika kilometa za mraba 18. Kati yao, 75 pekee walikuwa Ndundulu.

Adui zake wakubwa ni ukataji wa miti, uchomaji wa mkaa na uwindaji, ukiwamo wa kulipiza kisasi anapovamia mahindi.

Sehemu ya makazi yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, na msitu wa Mlima Rungwe ulipewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN), uliomweka mwaka 2008 katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, baadaye ulimshusha hadi kundi la walio hatarini.

Hata hivyo, Rungwe na Livingstone zinaunganishwa na ukanda mwembamba wa msitu wa Bujingijila, ulioharibiwa kwa ukataji. Ukikatika, makundi ya pande hizo mbili hayataweza kuzaliana.