Shataru, Jamaa wa Kale wa Mstari

Neno mstari tumelipata kwa Waarabu, kutoka mzizi s-t-r, ule wa kupanga maandishi safu kwa safu. Mzizi huo una jamaa mkongwe: shataru, kitenzi cha Kiakadi chenye maana ya kuandika. Kiakadi kiliandikwa katika nchi ambayo leo ni Iraki kwa zaidi ya miaka 2,000, kisha kikanyamaza.

Mwandishi wa huko alishika kibao cha udongo mbichi akakibonyeza kwa ncha ya tete, alama zikatokea kama kabari ndogondogo. "Aliandika" angeweza kuliandika kwa silabi, ish-tur. Au angefupisha kwa alama moja ya Wasumeri, watu wa kale wa nchi hiyohiyo, SAR: jicho likaona Kisumeri, mdomo ukatamka Kiakadi.

Sisi Waswahili tuna raha ya pekee tukikisoma kitenzi hiki, maana nafsi hukaa mbele kama kwetu. Ila masikio yatatudanganya. Ashtur si yeye, ni mimi: "niliandika". Nishtur si mimi, ni sisi: "tuliandika". Tashtur ni wewe, mwanamume. Njeo nayo haihitaji -li- wala -na-; hukaa ndani ya mzizi wenyewe. Ishtur, aliandika; ishattar, anaandika au ataandika. Konsonanti ya kati imekazwa, na wakati umebadilika. Mimi naona huo ni ufundi wa kuvuliwa kofia.

Ulimwengu uliusahau ufundi huo hadi karne ya 19. Mwaka 1857 wasomi wanne, Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, walitafsiri maandishi yaleyale ya mfalme Tiglath-Pileser wa Kwanza, kila mtu kivyake. Tafsiri zilipolinganishwa huko London, zilikubaliana kiasi cha kuondoa shaka: Kiakadi kimesomeka. Chuo Kikuu cha Chicago kikaanza kamusi ya Kiakadi mwaka 1921, nayo haikukamilika hadi 2011.

Turudi kwa walioandika wenyewe. Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru katika karne ya 7 KK, alijivunia kujua kusoma na kuandika. Kwenye vibao vya maktaba yake ya Ninawi amejitaja mwenyewe: ashtur, niliandika. Lakini wanakili wa Ashuru, watu wa kazi ya kila siku, walikuwa na tamko lao la kufungia kibao, lisilomtaja mwandishi. Shatir, bari. Kimeandikwa, kimekaguliwa.