Havana walijua

Padre Benito Viñes, Mjesuti kutoka Hispania, alifika Havana mwaka 1870 kuongoza kituo cha hali ya hewa cha Chuo cha Belén. Setilaiti hazikuwepo, redio haikuwepo. Alikuwa na kipimahewa, telegramu kutoka visiwa jirani, na macho yasiyochoka kutazama juu. Akabaini kwamba kimbunga, kingali mbali sana baharini, hutanguliwa na mawingu membamba ya juu kabisa, yaliyotandazwa kama nyuzi. Zifuate nyuzi hizo kwa jicho hadi zinapoelekea kukutana kwenye upeo, na utajua kitovu kiko upande gani. Rudia baada ya saa chache, uone kinasogea wapi.

Tarehe 11 Septemba 1875 alitoa onyo lake magazetini, na kimbunga kikaja kweli. Kilipotoka Kuba kilivuka Ghuba ya Meksiko na kuubomoa mji wa Indianola, pwani ya Texas. Mji ukajengwa upya, ukapigwa tena mwaka 1886, watu wakauhama.

Jirani zao wa Galveston wakaanza kuingiwa na hofu, na haki yao. Wao walikaa juu ya kisiwa cha mchanga ambacho mjini hakikufika hata mita 3 juu ya usawa wa bahari. Likazungumzwa suala la ukuta wa kuzuia maji, kisha likaachwa. Mwaka 1891 Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya hapo, aliandika gazetini kwamba kudhani kimbunga kinaweza kuudhuru vibaya mji huo ni upuuzi.

Viñes alifariki mwaka 1893, lakini wanafunzi wa kazi yake waliendelea. Mwaka 1900 Kuba ilikuwa chini ya jeshi la Marekani, na Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, chini ya Willis Moore, iliwaona Wakuba kuwa watu wa kutia watu hofu bure. Telegramu zao za vimbunga zikapigwa marufuku, na hilo likafanyika katika msimu wenyewe wa vimbunga. Sioni namna ya kuliita jambo hilo ila kiburi.

Mwanzoni mwa Septemba dhoruba ilipita Kuba. Washington ikasema itakata kaskazini kupitia Florida. Belén ikasema inakwenda magharibi, Texas.

Ilifika Galveston jioni ya Jumamosi, tarehe 8. Bahari ilipanda zaidi ya mita 4 na madaraja yote ya kwenda bara yakavunjika. Katika kituo cha yatima cha Mtakatifu Maria, masista walijifunga watoto viunoni kwa kamba ya kuanikia nguo, kila mmoja na kundi lake, wasichukuliwe na maji. Masista 10 na watoto 90 walikufa. Walionusurika ni wavulana 3. Watu kama 50 walikimbilia nyumba ya Cline, iliyosifiwa kwa uimara, nayo ikasambaratika. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, alikufa. Waliokufa kwa jumla hukadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 12,000.

Ukuta ulianza kujengwa mwaka 1902. Cline aliendelea kuchunguza vimbunga kwa miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 1926 kilikazia kupanda kwa bahari, kwa maana ndiko kunakoua zaidi.

Hata hivyo, habari zilifichwa tena. Julai 1943, wakati wa vita, taarifa za hali ya hewa zilibanwa zisizifikie nyambizi za Wajerumani, na kimbunga kikaja Galveston huku wengi wakipata onyo hafifu. Watu 19 walikufa. Siku hiyohiyo, tarehe 27, mkufunzi wa marubani Joe Duckworth aliruka kutoka kambi ya Bryan, Texas, na mwelekezi wake Ralph O'Hair, wakaingia kwa ndege ndogo ya mafunzo hadi ndani ya jicho lenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa makusudi. Walipotua, afisa wa hali ya hewa wa kambi aliomba naye akaone. Duckworth akampakia, wakarudi kimbungani.