Mji Wenye Nadhiri

Leo tunakwenda kusini mwa Ujerumani, katika mji mdogo wa Oberammergau. Mwombeni mwalimu awaonyeshe milima ya Alps kwenye ramani. Mji wenyewe uko bondeni, nao una watu wapatao 5,000 tu.

Ukifika utaona nyumba ambazo kuta zake za nje zimechorwa picha za watakatifu. Madukani wanauza sanamu za mbao, maana uchongaji ni kazi yao ya asili. Lakini wageni wengi huja kwa ajili ya mchezo mmoja.

Habari yake ni hii. Vita vya miaka 30, yaani 1618 hadi 1648, vilieneza tauni katika Ujerumani. Wenyeji waliweka walinzi njiani ili mgonjwa asiingie. Husimuliwa kwamba Kaspar Schisler, mtu wa pale pale aliyekuwa kibarua mji wa jirani, aliwakwepa walinzi usiku ili aione familia yake. Alikuja na tauni. (Nani kati yetu hajapata kutamani kurudi kwao?) Watu wengi wakafa. Mwaka 1633 wazee wakaweka nadhiri: Mungu akiwaondolea ugonjwa, watacheza mateso na kifo cha Yesu kila miaka 10. Wanasema tangu siku ile hakufa mtu tena kwa tauni. Mwaka 1634 walicheza mara ya kwanza, makaburini, mahali walipozikwa ndugu zao.

Nadhiri hiyo inatimizwa hata leo. Mwaka 1940 vita vilizuia mchezo, na ule wa 2020 uliahirishwa hadi 2022 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mchezaji sharti awe amezaliwa pale au amekaa miaka 20. Wanaume hufuga nywele na ndevu kwa zaidi ya mwaka mzima. Wanawake walioolewa walikatazwa kucheza, mpaka mahakama ikawapa haki. Wakaingia jukwaani mwaka 1990.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa muda mrefu mchezo uliwaonyesha Wayahudi kuwa watu waovu, wenye hatia ya kumwua Yesu. Hitler aliutazama mwaka 1930 na tena 1934, akaupenda. Serikali yake ikaja kuua Wayahudi milioni 6. Baada ya vita Wayahudi, na Wakristo pia, walidai maneno yabadilishwe. Wenyeji wengine walikataa kabisa: maneno ya babu zetu hayaguswi! Walibishana miaka mingi. Mimi naona walisahau kwamba babu zao waliahidi kucheza, hawakuahidi kumchukia mtu. Mwaka 2000 yaliondolewa maneno ya laana juu ya Wayahudi na watoto wao. Mwaka 2010 Yesu alionekana jukwaani akisali kwa Kiebrania, kama Myahudi aliyekuwa.

Mchezo ujao umepangwa mwaka 2030.

Kazi ya daftari: Waulize wazee wako juu ya desturi moja ya kwenu iliyobadilishwa. Andika sentensi tano: nani alitaka ibadilishwe, na nani alikataa.