Ini la njaa na ini la shibe

Hapa Kilakala kuna maneno matatu yameingia kimya kimya miaka hii ya karibuni, nayo ni "ini kujaa mafuta". Zamani barazani tulizoea kusikia malaria, taifodi, presha na sukari. Siku hizi mtu anaenda kupimwa tumbo kwa utrasaundi kwa sababu nyingine kabisa, anarudi na karatasi imeandikwa ini lina mafuta. Basi mjadala unaanzia hapo.

Mjadala mkali kuliko yote ni wa mama mmoja jirani yetu. Ini lake limeshaanza kusinyaa, yaani limejaa makovu, na watoto wake wanachanga pesa apelekwe India akafanyiwe upasuaji wa kupunguza unene. Mtaa umegawanyika. Wapo wanaosema mama mtu mzima amepata tamaa ya urembo. Wengine wanasema akirudi atakuwa na ini jipya. Na wapo wale wa chini chini wanaodai huyo mama anakunywa kwa siri, maana ini la namna hiyo ni la walevi, wakati hajawahi kugusa hata kangara. Nikaona badala ya kubishana niingie maktaba nisome historia ya jambo lenyewe. Kumbe sehemu kubwa ya historia hiyo iko hapa kwetu Afrika Mashariki!

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast (Ghana ya leo), aliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa ambao Waga wa Accra waliuita kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto anapoachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Sisi tunauita kwashakoo, na kwenye vitabu vya shule ni unyafuzi. Mtoto anavimba miguu, nywele zinabadilika rangi, uso unajaa. Ukimtazama haraka unaweza kudhani amenenepa.

Huku kwetu aliyeuandama ugonjwa huu ni Hugh Trowell, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda mwaka 1935, hospitali ya Mulago. (Wapenzi wa sanaa wanamjua zaidi mkewe, Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere.) Mwaka 1954 Trowell na wenzake wawili, Davies na Dean, walitoa kitabu kizima kuhusu unyafuzi. Watoto waliokufa kwa ugonjwa huo walipopasuliwa, maini yao yalikutwa makubwa, ya manjano na yamejaa mafuta. Mtoto mwenye njaa, ini la mafuta!

Maelezo yake si magumu. Ini hupokea chakula, hutengeneza mafuta na kuyasafirisha kwenye damu. Ili yasafiri, mafuta yanahitaji kubebwa na protini. Mtoto aliyelishwa ndizi au muhogo mtupu anapata nguvu kiasi lakini protini hapati, kwa hiyo ini linatengeneza mzigo na gari la kuubeba hakuna. Mzigo unalundikana. Davies, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti na vipande vya nyama za mwili, aliamini kuwa maini hayo ndiyo baadaye yanayosinyaa na kuota saratani ukubwani. Haikuwa hivyo. Watoto waliopona, maini yao yalirudi kuwa ya kawaida, na lawama nyingi zikahamia kwa virusi vya homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga. Hiyo sumukuvu tusiisahau. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara, majirani zetu hao.

Mwaka 1956 Trowell aliandika makala kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa habari ya jarida la kitabibu, kwa jinsi ugonjwa huo ulivyokuwa adimu. Kitambi nacho kilikuwa cha wachache.

Wakati Mulago wanahangaika na watoto waliokosa chakula, Marekani walikuwa wanahangaika na watu waliozidiwa nacho. Huko Los Angeles madaktari Payne na DeWind walikuja na upasuaji wa kuyaruka matumbo. Utumbo mwembamba una mita kadhaa, wao wakaunganisha kipande cha juu cha sentimita 35 hivi na kipande cha mwisho cha sentimita 10, sehemu nyingine yote ikabaki haipitishi chakula. Mgonjwa alikula atakavyo, chakula kikapita kama basi la moja kwa moja lisilosimama vituoni. Uzito ulishuka kweli kweli, na watu wakafurahi.

Halafu maini yakaanza kufa. Wagonjwa walionenepa, wenye pesa, katika nchi tajiri kuliko zote, walianza kupata manjano, ini kujaa mafuta kuliko mwanzo, kusinyaa, na baadhi yao walipoteza maisha. Mwaka 1974 watafiti wa huko huko, Moxley na wenzake, walipima damu za waliopasuliwa wakakuta upungufu wa protini wa aina inayofanana na unyafuzi. Yaani kwa kisu walikuwa wamemtengenezea Mmarekani mnene ini la mtoto wa Mulago. Mimi niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza nikatoka nje. Kufikia miaka ya 1980 upasuaji huo ulikuwa umeachwa.

Kilichobaki kilitoka Iowa, kwa daktari Edward Mason. Yeye alikuwa ameona kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko wa tumbo kwa sababu ya vidonda hupungua uzito, na kuanzia mwaka 1966 akatumia njia hiyo kwa wanene. Tofauti yake ni kubwa: anapunguza mfuko wa kupokea chakula, na utumbo mwingi unaachwa uendelee kufanya kazi. Aina mbili zinazofanyika zaidi leo, ile ya kufanya mfuko mdogo na kuuunganisha na utumbo na ile ya kukata sehemu kubwa ya tumbo libaki kama bomba jembamba, ziko kwenye ukoo huo.

Mwaka 1980 Jurgen Ludwig wa Mayo Clinic alieleza wagonjwa 20 ambao maini yao yalikuwa kama ya walevi wakati hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene. Mtaa wetu ungeisoma makala hiyo kabla ya kumsema yule mama, maana huu ni mwaka wa arobaini na kitu tangu jambo hilo lijulikane. Sukari nyingi, mafuta na mwili kushindwa kutumia insulini vizuri vinaliletea ini mzigo kuliko linavyoweza kusafirisha.

Je, upasuaji unasaidia? Kwa ini lenye mafuta na uvimbe, ndiyo, na ushahidi si haba. Wafaransa wa Lille walichukua vipande vya maini kabla na baada ya upasuaji. Mwaka 2015 wakaripoti kwamba baada ya mwaka mmoja uvimbe ulikuwa umeondoka kwa wagonjwa 85 katika kila 100. Waitaliano mwaka 2023 walipambanisha kisu na mazoezi pamoja na mlo. Waliopasuliwa walipona uvimbe zaidi ya nusu, wale wa mlo na mazoezi 16 kwa 100.

Kwa ini lililokwisha kusinyaa hapo ndipo penye kesi. Kuna kusinyaa ambako ini bado linamudu kazi zake. Na kuna kule kuliko elemewa: tumbo linajaa maji, mgonjwa anatapika damu, akili inapotea. Takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2011 zinaonyesha waliokufa hospitalini baada ya upasuaji huu walikuwa 0.3 kwa 100 kwa wasio na makovu, 0.9 kwa wale ambao ini linamudu, na 16.3 kwa walioelemewa. Ukisoma tarakimu hiyo ya mwisho huhitaji mtu wa kukufafanulia. Kwa upande wa wanaomudu, mwaka 2025 watafiti wa Cleveland walilinganisha wagonjwa 62 waliopasuliwa na 106 wasiopasuliwa. Ndani ya miaka 15 madhara makubwa ya ini yaliwapata takriban 21 kwa 100 wa kundi la kwanza na 46 wa kundi la pili. Ni utafiti mdogo na wa kuangalia kumbukumbu, lakini unasema kitu.

Swali la kwanza kwa familia yoyote inayochanga, basi, ni ini liko upande gani wa mstari huo. Nauli ya ndege ije baadaye. Hata puto linaloingizwa tumboni kwa njia ya mdomo, huduma ambayo Mloganzila ilianza mwaka 2022, si la kila mtu: mwenye mishipa ya koo iliyovimba kwa sababu ya ini hatakiwi kuwekewa.

Msidhani tumeshahama kutoka kwa Trowell. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 36 kwa 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, kutoka 28 mwaka 2015-16. Utafiti huo huo ulikuta watoto 30 kwa 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kina mama wanashuka Uluguru na ndizi na mboga vichwani kuelekea Soko la Chifu Kingalu, wakipishana na vijana wanaopanda na chipsi mayai.

Mulago walitibu kwa maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta. Leo mtu akitoka kupunguzwa tumbo anaambiwa protini isipungue gramu 60 kwa siku, na kwenye sahani aanze nayo: samaki, mayai, maharage, kisha ndiyo ugali kidogo kama nafasi imebaki. Mwenye ini lililosinyaa naye, ambaye zamani aliambiwa aogope nyama na maharage, sasa anatakiwa apate gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake.