Noti "Feki" Zilizochapwa na Kiwanda Halali

Ukipewa noti kubwa dukani unaiinua kwenye mwanga, unacheki ile picha iliyojificha, unapapasa uzi. Ipo fresh. Wareno wa 1925 nao wangekwambia hivyohivyo.

Jamaa mmoja wa Lisbon, miaka 28 tu, hakuhangaika na mashine ya kificho chumbani. Alifoji mkataba uonekane umetoka Benki ya Ureno, ukafikishwa London kwa Waterlow & Sons, kampuni iliyokuwa inaichapia benki hiyo noti. Wakaambiwa ni siri kubwa, pesa zinaenda koloni la Angola na zitagongwa mhuri wa huko, kwa hiyo namba zikijirudia hakuna noma. Wakachapa noti 200,000 za escudo 500, zenye sura ya Vasco da Gama, kwa mabamba yaleyale ya zile halali. Mhuri haukugongwa kamwe.

Jamaa akafungua benki yake, akaanza kununua hisa za Benki ya Ureno yenyewe! Angeikamata hiyo, nani angemchunguza?

Desemba 1925 wakaguzi wakatinga tawi lake la Porto. Kila noti waliyoshika ilikuwa safi. Mpaka walipolinganisha namba: noti mbili, namba moja. Kwisha habari.

Noti zote za 500 zikaondolewa, wananchi wasio na kosa wakahangaika kuzibadilisha. Jamaa akala mvua 20 mwaka 1930. Waterlow nao walishtakiwa, na 1932 wakaamriwa kuilipa benki zaidi ya pauni 600,000.