Mhariri, lahaja si kosa

Juzi mhariri mmoja kijana alinionyesha tangazo la mikopo alilolipitia. Mwandishi wake, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa ameandika 'ndia rahisi'. Mhariri akaikata kwa wino mwekundu, akaweka 'njia'. Sentensi iliyofuata ilisema 'mkopo ambayo itakufaa'. Hiyo hakuigusa!

Wino huo una historia. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, pamoja na hazina yake kubwa ya ushairi, kikaachwa. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson, nayo ikawa inapitisha vitabu vya shule vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Serikali za kikoloni zilitaka vitabu vya namna moja. Uamuzi ulikuwa wa kiutawala. Haukumaanisha kuwa Mmvita akisema 'mato' badala ya 'macho' amekosea. (Wapo Mombasa ambao hawajausamehe hadi leo, ati!)

Basi mhariri ana haki ya kuchagua 'njia', maana tangazo litasomwa hadi Busia. Ila asimwambie mwandishi kavunja sarufi. 'Mkopo ambayo' ndiyo iliyovunja: mkopo umo katika ngeli ya U-I, kwa hivyo ni 'mkopo ambao utakufaa'. Hapo Kimvita na Kiunguja havigombani.

Nilimrudishia karatasi yake, na kalamu.