Spika, Waya na Mashine: Tarehe ya Sauti Kusini mwa Ruvuma

Katika nchi iliyo baina ya Mto Ruvuma na bahari, ambako njia itokayo Palma kwenda Nangade hupita Pundanhar, na ambako msafiri aweza kusikia Kimakonde, Kimwani na Kiswahili katika siku moja, sauti iliyotakiwa kufika mbali haikuwa zamani na msaada ila wa ngoma, baragumu na koo la mwadhini. Umeme ulipokuja kuisaidia, aghalabu ulikuja ndani ya kisanduku kidogo, yaani redio ya transista, ambayo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Na vita vya ukombozi vilipoanza katika jimbo hili la Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Septemba 1964, matangazo ya FRELIMO, waliopigana vita hivyo, yaliyotoka Dar es Salaam yalivuka mto bila ya kuomba ruhusa ya Mreno aliyetawala. Kisanduku hicho hakikumtaka mwenyewe kujua chochote, kwani spika yake ilikuwa moja, nayo ilikwisha kupatanishwa na mashine yake kiwandani.

Elimu huhitajiwa pale mashine moja ya kukuza sauti, yaani amplifaya, inapotwikwa spika nyingi, kama ilivyo desturi katika maulidi, arusi na mikutano ya hadhara. Spika ya koili na karatasi, ambayo Wamarekani Rice na Kellogg waliieleza mwaka 1925, huuzuia umeme kwa kadiri fulani, na kadiri hiyo hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Georg Ohm: spika nyingi ni za omu 4, 8 au 16. Asiyezoea hudhani kwamba kuongeza spika ni kuongeza kizuizi. Kumbe spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huufungulia umeme milango miwili, zikawa omu 4 tu, na zikifungwa kwa mfuatano ndipo zinapokuwa 16.

Lililo tamu zaidi katika tarehe ya ufundi huu ni namna sharia yake ilivyogeuka. Amplifaya ya valvu ilikuwa na transfoma ya kutolea sauti, yenye vituo vya omu mbalimbali, na fundi alichagua kituo kilicholingana na spika zake. Mashine hiyo aghalabu ilistahimili kwa kitambo waya zilizogusana, lakini ilichukia kupazwa bila ya spika, kwa sababu umeme uliokosa pa kwenda uliweza kupanda ndani ya transfoma hata ukatoboa kinga ya waya zake. Basi wasia wa zama hizo ulikuwa kwamba mashine isikose mzigo. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilipochukua mahali pa valvu, na transfoma ile ikaachwa katika mashine nyingi, hukumu ilipinduka: kukosa spika hakukuidhuru, bali omu zikiwa chache mno, au waya mbili zikigusana, ilivutwa kutoa umeme kupita uwezo wake, ikaungua kabla mwenyewe hajafahamu. Nadhani amplifaya nyingi zilizokufa katika karamu za pwani ziliuawa na ukarimu, maana kila mzee hutaka spika moja ya pembe ielekee nyumbani kwake.

Waya nao una dai lake. Waya wa shaba wa milimita mraba 1, ukivutwa mita 100 kwenda na mita 100 kurudi, una omu zipatazo 3.4, hata spika ya omu 8 iliyo mwisho wake hunyang'anywa karibu theluthi ya nguvu. Dawa yake ni laini ya volti 100, yenye transfoma ndogo katika kila pembe: pembe ya wati 10 huonekana na mashine kuwa ya omu 1,000, hasara ya waya haitajiki, na fundi hana haja ya kuhesabu omu tena, bali hujumlisha wati, zisizidi zile za amplifaya. Amplifaya za Ahuja, kampuni ya Kihindi iliyoanzishwa mwaka 1940, huwa na vituo vya njia zote mbili, na nyingi hukubali betri ya gari ya volti 12, jambo lenye thamani kubwa mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Lakini betri nayo huzijua omu: kwa kipimo kile kile cha sauti, mzigo wa omu 4 huinywa takriban maradufu ya mzigo wa omu 8, na fundi aliyezifunga pembe zake kwa pupa baada ya sala ya Isha hujikuta, kabla bwana arusi hajawasili, akizunguka kijijini kuazima betri ya pili.